Ujira wa Ijumaa

Kila Ijumaa, kwenye saa nane mchana hivi, mdogo wangu hunitumia ujumbe wa neno moja au mawili ya Kiebrania. Hasalimii wala haelezi. "Noah." "Vayera." "Behar." Namjibu kwa kitabu na sura, basi, tumeshaelewana. Kati ya Agosti na Septemba hufika Ijumaa moja ambayo ujumbe wake nausoma nikiwa nimesimama, halafu natafuta gunia la kukalia: "Ki Tetze."

Mazoea haya aliyaleta kutoka Israeli. Alikwenda kule kwa mafunzo ya kilimo, miezi kumi na mmoja katika bonde la Arava, kusini, jangwani, akivuna pilipili hoho kwenye vitalu nyumba. Mkulima aliyemfundisha kazi alikuwa akimwalika mezani Ijumaa usiku, na katikati ya kula mwenye nyumba hutoa neno kutoka somo la Torati la juma hilo, watoto wakimkatiza kwa maswali, mama yao akiyajibu kabla yake. Mdogo wangu hakuwa na Kiebrania cha kutosha, alitafsiriwa vipande vipande. Kilichomshika ni kwamba familia nzima ilikuwa ikibishana kuhusu punda aliyeanguka njiani na mzigo wake. Alirudi nyumbani na swali la punda, akaniuliza mimi.

Wayahudi wameigawa Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, katika masomo 54. Kila juma sinagogi husoma somo lake, na mwaka ukiisha wamemaliza, wanaanza tena kutoka "Hapo mwanzo." Ki Tetze ni somo la 49. Linaanzia Kumbukumbu la Torati sura ya 21 aya ya 10 na kwisha mwisho wa sura ya 25. Musa yuko kwenye uwanda wa Moabu, amezeeka, anajua hatauvuka Yordani pamoja na watu wake, na anawaambia mambo ambayo anaogopa watayasahau wakishapata mashamba na nyumba.

Mimi si Myahudi. Nimezaliwa kwenye nyumba ya Wasabato huko Upare, ambako kanisa letu lilifika mwaka 1903, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Sabato tunaifungua Ijumaa jua linapotua, kwa wimbo na sala, na tunaifunga Jumamosi jua linapotua. Kwa hiyo Kumbukumbu la Torati nimelisikia tangu nikiwa nabebwa, lakini kwa aya moja moja, ile inayofaa mahubiri ya siku hiyo. Kulisoma somo zima bila kuruka, pamoja na mabishano ya walimu wao wa kale waliozigeuza aya hizi huku na huku kwa mamia ya miaka, hilo nimejifunza ukubwani, nikiwa mgeni kwenye meza ya watu. Nashukuru kwa nilichopakuliwa.

Na kazi yangu ni nafaka. Nina stoo Tandale, Dar es Salaam: mchele, maharage, mahindi, na mafuta ya kupikia kwa madumu. Nalisema hili mapema kwa sababu Ki Tetze linaingia moja kwa moja mpaka stoo, linashika mizani, linauliza nani hajalipwa.

Somo lenyewe linaanza na vita na kumalizika na vita. Maneno "ki tetze" maana yake ni "utakapotoka," kutoka kwenda kupigana na adui, na aya za mwisho zinamkumbusha Israeli jinsi Amaleki alivyowavamia nyuma ya msafara, akawapiga waliochoka. Ila humo katikati, kati ya vita na vita, unakuta kiota cha ndege, ukingo wa dari, ng'ombe na punda wasifungwe jembe moja, ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa, mume aliyeoa juzi asipelekwe jeshini mwaka mzima apate kumfurahisha mkewe. Mwanachuoni mmoja wa Hispania, karne ya 13, ambaye hakuliacha jina lake, alizipanga amri 613 za Torati kwa kufuata masomo ya juma, na katika hili moja alihesabu 74. Hakuna somo lingine lenye amri nyingi kiasi hicho.

Zimo ambazo nikizifikia moyo unakuwa mzito, na sitazipita kana kwamba sikuziona. Mwanamke aliyetekwa vitani. Mwana mkaidi anayepelekwa kwa wazee wa mji apigwe mawe. Kuhusu huyo mwana, walimu wa Talmudi, mkusanyiko wa mabishano ya walimu wa kale wa Kiyahudi, walikaa wakaibana sheria kwa masharti: awe ameiba nyama na divai ya baba yake, awe amekula pamoja na wahuni, na Rabi Yehuda akadai hata kwamba baba na mama wawe wamefanana sauti, sura na kimo. Wengine wakahitimisha kuwa mwana wa namna hiyo hajawahi kuwepo na hatakuwepo, imeandikwa ili isomwe na msomaji apate thawabu. Mwalimu mwingine, Rabi Yonatani, akakataa: mimi nimemwona, na nimeketi juu ya kaburi lake. Talmudi imeziacha kauli zote mbili pale pale. Mimi ni mama wa watoto wa kiume, na ninawashukuru waliobana masharti.

Kiota na dari zimekaa jirani, sura ya 22. Ukikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, usimchukue mama pamoja na watoto. Mwache mama aende. Ahadi yake ni kuishi siku nyingi, ahadi ile ile ya kuwaheshimu baba na mama. Talmudi inaeleza kisa kilichosemekana kumvunja imani mwalimu mmoja mkubwa, Elisha ben Avuya: aliona kijana aliyetumwa na baba yake apande juu kuleta makinda, akamwachia mama wa ndege aende kama ilivyoamriwa, na wakati wa kushuka akaanguka akafa. Ametii amri mbili zenye ahadi ya siku nyingi, ngazi ikamuua.

Aya inayofuata kiota ndiyo ya dari. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka dari lako, usije ukaleta damu katika nyumba yako mtu akianguka. Nyumba za kule zilikuwa na dari bapa, watu wakilala juu, wakianika kitani juu. Kiebrania kinasema "damim," damu, neno ambalo hata asiyejua Kiebrania analisikia. Rabi Natani akaipanua aya: usifuge mbwa mkali nyumbani mwako, wala usisimamishe ngazi mbovu. Mwaka wa kwanza niliposoma hayo nilikwenda kuangalia ngazi ya stoo, ile ya kupandia kwenye dari tunapoweka magunia matupu. Vipago viwili vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimeizoea, vijana walikuwa wanavikwepa vipago hivyo kwa mazoea, na mgeni asingejua. Nilimwita fundi siku hiyo hiyo.

Swali la punda sasa. Ukimwona punda wa ndugu yako au ng'ombe wake ameanguka njiani, usijifiche, msaidie kumwinua pamoja naye. Mishna, kitabu cha sheria ambacho Talmudi inakifafanua, imeshikilia neno "pamoja naye." Mwenye punda akikaa kando akasema, "Amri ni yako, haya, pakua," huna wajibu tena. Akiwa mzee au mgonjwa, wajibu unabaki. Hilo ndilo lililokuwa likibishaniwa mezani kule Arava, na mdogo wangu aliliona la ajabu kwa sababu sisi tumezoea kusikia "saidia" bila kuulizwa anayesaidiwa amesimama wapi.

"Usijifiche" inarudi mara mbili hapo. Kwenye kitu kilichopotea pia: ng'ombe wa ndugu yako, kondoo wake, nguo yake, chochote kilichompotea ukakiona, mrudishie. Na Kiebrania kinafika mbali kidogo kuliko "usijifiche." Mdogo wangu alimuuliza mwenyeji wake, akaambiwa kwamba neno kwa neno inasomeka "hutaweza kujificha." Amri ya kawaida inakukataza kufanya. Hii inazungumza kama vile imeshakutazama usoni na kukuta huna pa kwenda.

Walimu wakauliza: nikishakiokota, nikiweke vipi? Na majibu yao ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukiokota nguo, uikung'ute mara moja kila siku 30, na uianike kwa ajili ya nguo yenyewe, usiianike ili wageni wakuone una nguo nzuri. Ukiokota vitabu, uvisome mara moja kila siku 30 visiharibike. Ukiwa hujui kusoma, uvikunjue tu. Mnyama anayeweza kufanya kazi na kula, afanye kazi na ale. Jerusalemu palikuwa na jiwe linaloitwa jiwe la madai, aliyepotelewa anakwenda pale na aliyeokota anakwenda pale, huyu anatangaza, yule anatoa alama. Alama ndizo zinazokitambulisha kitu: fundo, kovu, doa, idadi.

Kuna kisa cha Rabi Hanina ben Dosa, maskini asiye na kitu. Mtu alipita mlangoni kwake akaacha kuku, akasahau. Mke wake Hanina akawaona, na Hanina akamwambia, mayai yao tusile. Mayai yakaanguliwa, kuku wakajaa nyumbani mpaka wakashindwa kukaa, wakawauza wakanunua mbuzi. Siku moja mtu yule akapita tena na mwenzake, akasema, hapa ndipo nilipoacha kuku wangu. Hanina akamuuliza, una alama? Alikuwa nayo. Akampa mbuzi wake.

Nimesimama kwa muda hapo kwa sababu nina kitu cha mtu. Nitafika.

Mizani ipo mwisho wa sura ya 25. Usiwe na jiwe na jiwe mfukoni mwako, kubwa na dogo. Sisi nasi tunayaita mawe, mawe ya mizani, hata yakiwa ya chuma. Jiwe kubwa la kununulia, jiwe dogo la kuuzia. Na katazo haliishii kwenye kuyatumia; kuwa nayo tu ndani ya nyumba ni kosa. Talmudi inasema hata kama kipimo kilichopunjwa kimegeuzwa kuwa chombo cha kukojolea, kisikae, kwa sababu usiku mtu anaweza kukichukua bila kujua akapimia. Mishna inaagiza muuza duka afute vipimo vyake mara mbili kwa juma, mawe yake mara moja kwa juma, na mizani kila anapopima. Kila anapopima! Mwenye kuuza unga au sukari anajua kwa nini: inaganda kwenye sahani, na gramu zinazoganda zote ni za mteja.

Maofisa wa vipimo wanapita sokoni kuhakiki, stika inabandikwa, hilo ni jema. Lakini stika haijui kisado kilichochomwa moto kitako kikapanda juu. Haijui lumbesa, gunia linaloongezewa kichwa kwa kushonewa nyuzi mpaka linakuwa moja na nusu, mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Nimenunua lumbesa. Miaka yangu ya mwanzo sokoni nilinunua kama wenzangu wote, nikauza kwa kilo. Hilo ndilo jiwe na jiwe lenyewe, kununulia kwa kubwa na kuuzia kwa dogo, na nilikuwa naimba kwaya. Nimeacha. Gunia langu linapimwa kwa kilo likiingia na kwa kilo likitoka, na kuna wakulima wa Kilosa na Ifakara wanaoniletea mimi kwanza kwa sababu hiyo.

Sasa sura ya 24, inayozungumza juu ya rehani. Usitwae jiwe la kusagia kuwa rehani, wala la juu peke yake, kwa maana utakuwa umetwaa nafsi. "Nefesh," ndivyo ilivyo kwa Kiebrania, na ni ndugu wa neno letu nafsi tulilolipata kwa Waarabu. Ukimkopesha mwenzako usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, naye atakuletea nje. Akiwa maskini, usilale na rehani yake. Mrudishie vazi jua likitua, alalie. Mishna inaongeza: mto wa kulalia mrudishie usiku, jembe mrudishie mchana.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhazini wa kikundi cha akina mama, tunakopeshana, marejesho kila Jumanne. Hatukuwa kausha damu, wale wa mitaani wanaokopesha leo na kudai riba kila siku. Tulikuwa majirani. Mwenzetu mmoja, mshonaji, alikosa rejesho Jumanne tatu mfululizo, mtoto alikuwa amelazwa. Katiba ya kikundi ilikuwa wazi na yeye mwenyewe alikuwa ameisaini. Tulikwenda kwake kumi na wawili. Hatukusimama nje. Nyumba ya chumba na sebule, tuliijaza. Hakubishana, alisogea tu ukutani. Mwenyekiti akaelekeza kidole, wawili wakainua cherehani. Kulikuwa na shati jeupe la shule chini ya sindano, kola imeshonwa nusu, na hakuna aliyekumbuka kuinua mguu wa cherehani litoke. Tuliibeba cherehani na shati likining'inia, na uzi ukawa unajifungua nyuma yetu, unavuka kizingiti, unavuka uchochoro, mpaka ukakatika.

Cherehani tuliirudisha baada ya majuma mawili, kwa sababu mwenyekiti alipiga hesabu akaona bila cherehani fedha haitarudi kamwe. Ilirudi, yote. Ila yule mama hakukaa tena kwenye kikundi, na hadi leo tukikutana ananisalimia kwa adabu kabisa na kupita. Niliposoma aya ya kusimama nje nilielewa kwamba inalinda kitu ambacho hatukukirudisha pamoja na cherehani. Mtu akikuletea rehani mlangoni kwa mkono wake, bado ni mwenye nyumba.

Aya chache mbele ndipo ilipo ya kwangu. Usimdhulumu kibarua maskini na mhitaji, awe ndugu yako au mgeni aliye katika nchi yako. Mpe ujira wake siku ile ile, jua lisitue juu yake, kwa kuwa ni maskini na ameutumainia. Hapo kwenye "ameutumainia," Kiebrania kinasema anauinulia nafsi yake. Ni "nefesh" ile ile ya jiwe la kusagia, katika sura moja, umbali wa aya tisa. Talmudi inauliza: kwa nini mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akajiweka kwenye hatari ya kufa? Haikuwa kwa ajili ya ujira wake?

Ilikuwa Ijumaa. Lori la mafuta lilichelewa, likaingia saa kumi, muda ambao kwa kawaida nimeshafunga. Makuli walikuwa wanne. Watatu nawajua miaka, wa nne alikuwa kijana mgeni, hana hata miezi miwili sokoni. Walikuwa wanapakua madumu ya lita 20 wakikimbia kwa sababu mimi nilikuwa nawakimbiza. Nilikuwa naliangalia jua. Yule kijana akateleza mlangoni, dumu likaanguka kwa pembe, likapasuka, mafuta yakasambaa kwenye saruji mpaka chini ya magunia ya maharage. Aliinama akajaribu kuyazuia kwa viganja. Viganja! Kama mtu anayezuia maji ya mvua. Mimi nilikuwa naona bei ya dumu.

Watatu niliwalipa. Yeye alisimama, suruali imelowa mafuta hadi magotini, akasema, "Mama, na hela yangu?" Alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi, shilingi 15,000. Nikamwambia, "Mwanangu, tutaongea Jumapili." Sauti yangu ilikuwa ya upole, nilijisikia mpole. Nikafunga kufuli, nikafika nyumbani kabla ya jua kutua, nikafungua Sabato kwa wimbo pamoja na wanangu.

Jumapili hakuja. Wala Jumatatu.

Mishna ina kifungu kuhusu hili: kibarua asipodai, mwajiri hajavunja amri. Nilikitafuta sana kifungu hicho nilipokisikia, nikitumaini kitanifunika. Kijana alidai. Alidai kwa maneno manne.

Na kipo kisa ambacho mdogo wangu alinitumia mwaka uliofuata, bila kujua kilichotokea dukani, kwa sababu tu kilikuwa cha Ki Tetze na cha makuli. Wapagazi wa mwalimu mmoja, Rabba bar bar Hanan, walivunja pipa lake la divai. Akawanyang'anya majoho yao kufidia hasara. Wakaenda kwa Rav, mwalimu mkubwa wa Babeli, naye akamwambia: warudishie majoho. Akauliza, ndiyo sheria? Rav akamjibu, ndiyo, imeandikwa uende katika njia ya watu wema. Akawarudishia. Wapagazi wakasema: sisi ni maskini, tumefanya kazi kutwa, tuna njaa, hatuna kitu. Rav akamwambia, nenda ukawalipe ujira wao. Akauliza tena, ndiyo sheria? Akamjibu kwa nusu ya pili ya aya ile ile ya Mithali: ndiyo, na uyashike mapito ya wenye haki.

Nilikisoma kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya gunia, mteja akisubiri mchele. Pipa na dumu. Divai na mafuta. Nilichokisoma mara nyingi zaidi ni lile swali la Rabba, "ndiyo sheria?", kwa sababu ndilo nililokuwa nimejiuliza mwaka mzima na kujijibu mwenyewe kwa kujipendelea: mali iliharibiwa, desturi ya soko ni kukata, nimemsamehe gharama ya dumu, nimekuwa mwema. Rav hakutumia nguvu, hakumwambia ni muovu. Alisema ndiyo mara mbili.

Kuna amri nyingine katika sura hiyo hiyo, ya mganda uliosahauliwa. Ukivuna ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua. Ni wa mgeni, yatima na mjane. Walimu wanasimulia juu ya mtu mcha Mungu aliyesahau mganda akamwambia mwanawe atoe sadaka ya ng'ombe kwa furaha, kwa kuwa hiyo ni amri ambayo huwezi kuitimiza kwa kukusudia, mpaka usahau kweli. Nimeitafakari sana. Shambani ukisahau, umempa maskini. Dukani ukisahau, umemchukulia.

Nilianza kumtafuta. Wale watatu hawakujua kwao ni wapi. Mmoja alidhani Mahenge, mwingine alisema Malinyi. Jina lake hawakulijua; sokoni alikuwa anaitwa "Mgeni," na mimi sikuwahi kumwita jina lolote isipokuwa "mwanangu," ambalo ni jina la kila mtu. Nikatia shilingi 15,000 kwenye bahasha, na nikaiweka kwenye kisanduku kikavu juu ya dari, ile ya ngazi mpya. Kila siku ya 30 naishusha. Noti hazihitaji kuanikwa, najua. Naishusha, nahesabu, narudisha, na nimekuwa nikiongeza kidogo kila mara kwa kuwa fedha ile ingekaa kwake ingekuwa imefanya kazi. Sasa ni kama kuku wa Hanina, bahasha moja haitoshi.

Tangu hapo Ijumaa ninafunga mapema zaidi. Lori likiingia baada ya saa tisa, linalala likisubiri Jumapili, hata mwenye lori akinuna. Ninawalipa vijana kwanza, kabla sijafagia, kabla sijaosha mikono, na ninaandika majina yao kamili kwenye daftari, la baba pia. Walicheka mwanzoni.

Juzi dereva mmoja aliyekuja na mpunga alisema kuna kijana anapakia kwenye mashine ya kukoboa kule Ifakara, aliwahi kufanya kazi Tandale, haongei sana. Jumapili anarudi huko. Nimempa bahasha, zote mbili, na kwa kuwa jina sina nimempa alama: kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ukucha, anasema "he" na "la" kwa kuvuta, na ukimtajia dumu la mafuta lililopasuka mlangoni Ijumaa jioni, atajua ni wapi. Dereva akauliza, akiwa siye? Nikamwambia arudi nazo.